Mshauri Mkuu Awajibu Waliobanwa: Simu kwenye Pipa la Unga, Fundi na Mwezi Mwandamo

Usimamizi wa muda ni elimu ya kuamua kazi ipi ifanywe, ifanywe lini, na ipi iachwe ijifie yenyewe; nayo hutofautiana na usimamizi wa umakini, yaani uwezo wa akili kutulia juu ya jambo moja bila kutangatanga, kwa kuwa mtu anaweza kupewa asubuhi nzima na bado asiwe na akili ya kuitumia. Wataalamu wa elimu hizi mbili ni wengi duniani, lakini aliyezikusanya zote kichwani mwake, na bado akabaki na nafasi ya kuhifadhi matokeo ya ligi kuu, ni mmoja tu, naye ni Mshauri Mkuu wa safu hii, cheo alichojitunuku mwenyewe ili kuwapunguzia wengine usumbufu wa kuitisha kikao. Barua zilizostahili kujibiwa safari hii ni tatu. Nyingine zilimwita "Ndugu Mshauri" bila neno "Mkuu", na zimekabidhiwa kwa muuza karanga wa jirani, ambaye atazifanyia kazi kwa namna yake.

Mhasibu wa Mbagala

Muulizaji wa kwanza ni mhasibu anayeishi Mbagala, na shida yake ni kwamba hesabu za mwezi hazimaliziki kwa sababu simu hailali. Maelezo yake yaliyobaki ni marefu na hayana uzito, isipokuwa pale anapokiri kwamba huikata safu hii na kuihifadhi, jambo linalothibitisha kuwa akili yake bado ni nzima na inatibika.

Ugonjwa wake kitaalamu huitwa masalia ya umakini, istilahi iliyoletwa na mtafiti Sophie Leroy mwaka 2009 kueleza hali ambayo mtu anahama kazi moja kwenda nyingine huku sehemu ya akili ikibaki nyuma, ikiendelea kutafuna ile ya kwanza, hasa kama haikumalizika. Wahenga walikwisha kulisema jambo hilo kwa kifupi, kwamba mshika mbili moja humponyoka, na Mshauri Mkuu angelisema kabla yao kama wasingemtangulia kuzaliwa. Naye Gloria Mark, ambaye kwa miaka mingi alipima namna watu wanavyotumia kompyuta, aliona mwaka 2004 kwamba mtu hutazama kioo kimoja kwa takriban dakika mbili na nusu kabla ya kuhamia kingine, na katika vipimo vya miaka ya karibuni wastani huo umeshuka hadi sekunde 47. Msomaji aliyefika hapa bila kugusa simu anapongezwa, ingawa sifa kubwa ziende kwa uandishi.

Chanzo cha maradhi ya mhasibu kinajulikana. Amejiunga na kamati za harusi, na mwenendo wa kikundi cha kamati ya harusi unastahili kuchunguzwa kama wachunguzwavyo nyuki. Katibu hubandika orodha ya michango. Kila anayeahidi hunakili orodha nzima na kuongeza jina lake chini, hivyo anayefungua kuliona jina la 41 hulazimika kupita tena juu ya majina 40 yaliyotangulia. Hufuata stika za kupiga makofi, kisha mjumbe mmoja huuliza kikao ni saa ngapi, ilhali saa imeandikwa juu kabisa. Mwingine humjibu saa isiyo sahihi, na mtu wa tatu, ambaye hakuna anayemjua, hutuma tangazo la viwanja. Hayo yote yakitokea, mhasibu yuko katikati ya kujumlisha safu ya madeni, na anaporudi kwenye karatasi hakumbuki kama tarakimu ya mwisho aliyoisoma ilikuwa deni la kampuni au ahadi ya shangazi wa bibi harusi.

Ieleweke hapa kwamba Mshauri Mkuu mwenyewe amewahi kuongoza kamati ya aina hiyo, na shughuli ilifana kiasi kwamba bwana harusi alimshukuru yeye kabla ya kuwashukuru wazazi. Wanaopenda kusisitiza kwamba bwana harusi huyo alifika ukumbini wageni wakiwa wamekwisha kula wanakosa jicho la uongozi, kwani ratiba ilifuatwa barabara na aliyechelewa ni bwana harusi peke yake.

Tiba ni hii. Simu izimwe, izungushiwe kitambaa safi, kwa kuwa mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Tanzania Bara tangu Juni 2019 na safu hii haishauri uvunjaji wa sheria, kisha ifukiwe katikati ya pipa la unga wa sembe, na ufunguo wa stoo akabidhiwe mama mkwe. Kila mara mhasibu atakapoitaka simu, atalazimika kupiga hodi, kusalimia kikamilifu, kuulizwa habari za kazi, na kueleza mbele ya mama mkwe ni ujumbe gani huo usioweza kungoja. Wasiokuwa na mama mkwe wanaruhusiwa kuiacha simu chumba kingine, njia dhaifu zaidi lakini iliyojaribiwa: utafiti ulioongozwa na Adrian Ward, uliochapishwa mwaka 2017, uliripoti kwamba walioacha simu chumba kingine walifanya majaribio ya akili vizuri kuliko walioiweka mezani, japo simu zote zilikuwa kimya. Majaribio yaliyofuata hayakukubaliana yote na matokeo hayo, lakini hakuna hata moja kati yake lililotumia unga.

Simu ikishafukiwa, mhasibu agawe kazi kwa mtindo wa nyanya, uliobuniwa mwishoni mwa miaka ya 1980 na Francesco Cirillo, wakati huo mwanafunzi nchini Italia, aliyetumia saa ya jikoni yenye umbo la nyanya: dakika 25 za kazi moja tu, dakika 5 za kupumzika, na baada ya mizunguko minne mapumziko marefu zaidi. Mtindo huo ni mzuri, isipokuwa tunda lilichaguliwa kwa haraka. Mshauri Mkuu anashughulikia toleo lake la fenesi, ambalo huwekwa juu ya meza likiwa zima, na kwa ukubwa na harufu yake humzuia mfanyakazi kuwaza kitu kingine chochote, pamoja na kazi.

Fundi wa Tanga

Muulizaji wa pili ni fundi cherehani wa Tanga ambaye wateja wamemchoka. Kila Ramadhani hupokea vitambaa, huahidi nguo siku tatu kabla ya Idi, na kila usiku wa mwezi mwandamo hukutwa na madera yasiyo na mikono na kanzu zisizo na vifungo, huku akina mama wakiwa wamejipanga kwenye benchi nje wakingojea kupigiwa pindo.

Kisa hiki kina jina, nalo ni kosa la makadirio, yaani tabia ya mtu kukisia muda wa kazi kwa kuwaza itakavyokwenda kama kila kitu kitanyooka, badala ya kukumbuka ilivyokwenda mara zilizopita. Walioliingiza katika elimu ni Daniel Kahneman na Amos Tversky mwaka 1979, na mwaka 1994 Roger Buehler, Dale Griffin na Michael Ross wakachapisha utafiti wa wanafunzi nchini Kanada waliokisia kuwa wangemaliza tasnifu zao kwa wastani wa siku 33.9, wakazimaliza kwa siku 55.5. Fundi atafarijika kujua kwamba hao walikuwa wanafunzi wa saikolojia, watu wanaosomea jinsi akili inavyojidanganya, tena hawakukatikiwa umeme wala kukabiliwa na mama wa bwana harusi mwenye futi ya kupimia mkononi.

Juu ya hayo, fundi hupanga kazi yake kwa kutumaini mbingu. Mwezi wa Hijria huwa na siku 29 au 30, na kwa kuwa Idi huthibitishwa kwa kuandama kwa mwezi, fundi huihesabu siku ya 30 kama siku ya kazi, kisha mwezi ukiandama usiku wa kuamkia siku hiyo hulalamika kama aliyeibiwa. Mshauri Mkuu, ambaye uwezo wake wa kuona mbali umesifiwa na watu wa nyumbani kwake, aliwahi kujitolea kuwadokeza mafundi wa pwani nzima tarehe ya Idi mapema ili wajipange, lakini barua zake kwa wahusika hazikujibiwa, na katika ukimya huo yeye anaona heshima tu.

Dawa inayofaa ni daftari. Kila kitambaa kinapoingia, fundi aandike tarehe ya kupokea, ya kukata, ya kushona na ya kukabidhi, na Ramadhani ijayo asijiulize anadhani dera litachukua siku ngapi, bali asome lile la mwaka jana lilichukua siku ngapi, kisha afunge mlango wa oda mpya mwezi ukifika nusu, hata kama anayebisha ni binamu. Daftari lisipofua dafu, itumike adhabu iliyobuniwa na safu hii, kwamba kila ahadi ikivunjwa fundi mwenyewe alivae vazi husika katika hali lilipofikia, likiwa na mkono mmoja na pini zake, na kutembea nalo sokoni Ngamiani saa nne asubuhi.

Asije hata hivyo akakimbilia kuongeza siku ovyo, kwa kuwa C. Northcote Parkinson, katika makala yake ya Novemba 1955 ndani ya jarida la The Economist, alionyesha kwamba kazi hutanuka mpaka ijaze muda uliotengewa. Mfano wake ni wa bibi mmoja asiye na shughuli ambaye humaliza siku nzima kumtumia mpwa wake postikadi, kwa maana huitafuta kadi, huitafuta miwani, huitafuta anwani, kisha hujiuliza kama achukue mwavuli anapokwenda kuiposti, ilhali mtu mwenye shughuli nyingi angeitenda kazi hiyo kwa dakika tatu. Mshauri Mkuu aliusoma mfano huo kwa makini, akaukatiza mara kadhaa kwenda kuitafuta miwani yake, na anaweza kuthibitisha kwamba Parkinson alizidisha chumvi.

Karani wa Dodoma

Nafasi iliyobaki ni finyu, kwa sababu mhariri amekataa kuongeza ukurasa, uamuzi ambao historia itauhukumu. Muulizaji wa tatu ni karani wa Dodoma ambaye bosi wake humtumia maagizo saa nne usiku, naye hulala akiyawaza na huamka amechoka kuliko alivyolala. Anauliza urari, yaani uwiano kati ya kazi na maisha mengine, unapatikana vipi.

Hili ndilo swali zito kuliko yote matatu na lilistahili sura nzima. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa za kawaida za kazi kuwa 45 kwa wiki na 9 kwa siku, na si kwa huruma pekee, kwani makadirio ya pamoja ya Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 2021 yalihusisha kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki na hatari ya kiharusi iliyo juu kwa asilimia 35, na ya kufa kwa maradhi ya moyo iliyo juu kwa asilimia 17, ikilinganishwa na kufanya kazi saa 35 hadi 40. Bosi anaweza kusomewa takwimu hizo, kwa sauti ya upole, na mtu mwingine.

Kuhusu kulala na kazi kichwani, Bluma Zeigarnik aliripoti mwaka 1927, katika majaribio aliyoyafanya Berlin, kwamba kazi iliyokatizwa hukumbukwa zaidi ya iliyokamilika, na mwaka 2011 E. J. Masicampo na Roy Baumeister wakaonyesha kuwa akili huacha kumsumbua mtu pindi anapoandika mpango mahususi wa lini na vipi ataimalizia, hata kabla hajaimaliza. Karani basi aandike kila jioni, kabla ya kufunga ofisi, ameishia wapi, ataanzia wapi na saa ngapi, kisha asiisogelee karatasi hiyo mpaka asubuhi. Kulikuwa pia na tiba ya kufuga jogoo aliyefundishwa kumjibu bosi, lakini ufafanuzi wake unahitaji michoro.

Kwa muhtasari, mhasibu aifungue simu kwa saa alizojipangia na ajitoe katika kamati zote isipokuwa ya ndugu wa damu, fundi aliamini daftari kuliko moyo wake, karani aandike kisha alale, na wote watatu wakubali kwamba hakuna hila inayomwezesha mtu kutenda yote aliyoahidi, hivyo kazi ya kwanza ya kila asubuhi ni kuchagua litakaloachwa, kulitamka wazi kwa anayehusika, na kutolirudia. Mafanikio yatakayopatikana yaandikwe kwa jina la Mshauri Mkuu. Toleo lijalo la safu hii, lililopangwa kutoka mwezi uliopita, litahusu kuahirisha mambo.