Walioipisha Dizeli Ipite

Mashabiki wa reli wa Marekani wanahangaika siku hizi kutafuta picha za rangi za vichwa vya treni vya dizeli vya miaka ya 1940. Heshima kwao. Ila vichwa hivyo havikujificha. Mwaka 1939 General Motors ilikitoa kichwa cha FT namba 103, chenye nguvu-farasi 5,400, kikazungushwa kwenye njia za kampuni 20 za reli, mchana kweupe. Mashabiki wengi wa enzi hizo waliona muuaji wa treni za mvuke amewasili. Filamu ya rangi ya Kodachrome ilikuwa ghali, tena nzito kunasa mwanga. Nani angeipoteza kwa sanduku linalonguruma? Kamera zikashushwa, ikasubiriwa treni ya moshi.

Sasa slaidi ya dizeli ya Baldwin, kampuni iliyoacha kuunda vichwa vya treni mwaka 1956, inagombewa mnadani kama mahari ya binti wa sultani. Nguzo ya simu imemwota dereva utosini? Si neno. Swali ni moja: ya asili au nakala? Na isiwe ya filamu ya zamani ya Ektachrome, maana hiyo imeshageuka waridi, treni na mawingu yake. Mshindi akishalipa, huifungia kabatini gizani, rangi isichuje, asiione mtu.

Dizeli za leo, wakati huohuo, zinapita nyuma ya nyumba yake. Simu yenye kamera anayo mfukoni. Haitoi. Hizi za siku hizi, anasema, hazina sura.