Watuhumiwa 7 wa bafuni, kutoka Bwera hadi Kasese

Kuoga ni usafi, hilo halina ubishi. Ubishi ni juu ya ukungu wa maji, na bakteria waliomo, unaouvuta puani huku povu likikutoka masikioni. Tumewapanga washukiwa kuanzia mwenye makosa madogo hadi sugu.

7. Kopo na beseni
Mwogaji wa Bwera, magharibi mwa Uganda, jerikeni yake nyuma ya nyumba, anachekwa na wageni wa mjini. Lakini maji ya kopo hushuka kwa uzito wake hadi miguuni, na ukungu wake ni haba. Kesi imefutwa. Aliyecheka alipe gharama.

6. Kuimba
Kuimba ni kuvuta pumzi nyingi, na pumzi hubeba kilichopo hewani. Hata hivyo, ushahidi unaonyesha kwamba wanaoumia zaidi ni majirani.

5. Maji baridi ya Rwenzori
Mto Nyamwamba, unaoshuka kutoka milima ya Rwenzori, una madeni yake Kasese: mafuriko ya Mei 2013 na ya Mei 2020 hayajasahaulika. Ila kwa kesi hii, baridi ni shahidi upande wa utetezi. Chini ya nyuzi 20, bakteria wa mapafu aitwaye Legionella hazaliani kwa kiasi cha maana. Hafi, amejikunyata tu. Kama wewe.

4. Tone dogo
Tone kubwa lina heshima, huanguka sakafuni. Tone lisilozidi mikroni 5, yaani sehemu 5 za milimita iliyokatwa mara elfu, huelea na kuzama hadi ndani kabisa ya mapafu. Kinga tuliyoizoea ni ya mikono: Ebola ilipothibitishwa Bwera mnamo Juni 2019, wavukaji wa mpaka wa Mpondwe walinawa mikono hadi ngozi ikalalamika. Mikono ina pa kunawia. Mapafu je?

3. Tangi jeusi juu ya paa
Jua la Kasese halina huruma, na tangi la plastiki halina kivuli. Legionella hustawi kati ya nyuzi 25 na 45, kwa hiyo tangi hilo kwake ni nyumba ya wageni, chakula cha matope kimo ndani. Lifunike, lisafishe. Chura akitoka humo, usimuulize kama ni mpangaji.

2. Hita ya vuguvugu
Tunaipunguzia joto ili kuokoa umeme, na bakteria wanatuombea dua. Maji ya hita yatunzwe kwenye nyuzi 60, kisha yachanganywe na baridi bombani. Asiyechanganya ataimba wimbo mwingine kabisa (rejea namba 6).

1. Kichwa cha shawa
Huyu ndiye sugu. Ndani yake kuna giza, unyevu na joto, na ukutani bakteria hujijengea utando unaoteleza ambao klorini huupata kwa taabu. Mwaka 2009, kikundi cha Norman Pace wa Chuo Kikuu cha Colorado kilichunguza vichwa vya shawa katika miji ya Marekani. Vingine vilikuwa na Mycobacterium avium, binamu wa kifua kikuu, kwa wingi unaozidi mara 100 ule wa maji yenyewe. Ukifungua, mrusho wa kwanza ndio unaobeba mzigo.

Usitupe shawa, wala usiache kuoga kwa kisingizio cha sayansi. Kwenye matatu au boda tutajua. Mwenye afya njema kwa kawaida hapati madhara. Wa kuangaliwa ni wazee, wavutaji sigara na wenye mapafu dhaifu. Chumba cha hoteli kilichokaa wiki bila mgeni, fungua maji, toka nje, funga mlango, yaache yamwagike dakika chache. Kichwa cha shawa kifungue, kisugue, kiloweke kwenye siki. Kikikataa kufunguka kwa kutu, hukumu ni moja: duka la vifaa, na mwenye nyumba ndiye mlipaji.