Hoja ya Kuipongeza Ritifaa

Mheshimiwa Spika, wenzangu wamepongeza barabara, mabwawa na treni ya SGR iliyofika Dodoma mwaka 2024. Mimi nasimama kuipongeza ritifaa, kile kikoma kinachoning'inia kwenye ng'ombe na ng'ambo, ambacho hakijawahi kupongezwa na mtu.

Kwanza, uzalendo wake. Jiji hili la Dodoma lina kata ya Chang'ombe, yenye ritifaa moja, na ya Ng'hong'honha, yenye mbili. Waairishi wanayo kwenye O'Brien. Sisi tunayo mpaka zizini.

Pili, ukweli wake. Chukua fanksheni, yaani kipande cha programu, iliyoandikwa kwa haraka. Inapokea jina la kata, inalibandika katikati ya swali na kulituma kwenye kanzidata: WHERE kata = 'Chang'ombe'. Kwa kanzidata, ritifaa ndiyo hufungua neno na kulifunga. Inasoma 'Chang', inaona neno limekwisha, halafu inakutana na "ombe" amesimama mlangoni bila barua ya mtendaji. Swali linakataliwa. Katika lugha ya programu ya PHP, ile ya zamani, fanksheni ilirudisha "false", ambayo ukiichapa haionekani, na ripoti ya kata hiyo inatoka nyeupe pee. Kata ya Makole ina watu, Kizota ina watu, Nzuguni ina watu. Chang'ombe wamehama wote! Mafundi wanalaumu mtandao, wanalaumu umeme, wanazima seva na kuiwasha. Ritifaa imetulia, haina hata neno la kujitetea.

Tatu, ulinzi wake. Tundu linalokwamisha Chang'ombe ndilo analopitia mdukuzi: anafunga nukuu kabla ya wakati, kisha anaandika amri zake mwenyewe. Ritifaa inalifichua tundu hilo mapema, na inakagua mfumo bila posho ya safari wala ya kikao.

Wapo wanaotaka ifutwe, tuandike Changombe. Mheshimiwa Spika, huko ni kubadili jina la kata ili fundi asisumbuke. Isitoshe, ritifaa haifutiki kirahisi, kwa kuwa iko ya aina mbili. Baadhi ya simu janja huileta iliyopinda, ’, wakati kanzidata imehifadhi iliyonyooka, '. Kwa macho yetu ni ndugu. Kwa kompyuta moja ni herufi namba 8217 na nyingine namba 39, hazijuani. Jibu linakuja kwa adabu zote: hakuna rekodi. Safari hii kanzidata haioni hata kosa.

Kwa hiyo naliomba Bunge liazimie mambo matatu. Swali liandikwe likiwa na alama ya kuuliza mahali pa jina, na jina lipelekwe peke yake, lipokelewe kama jina, si kama amri. Ritifaa zilizopinda zinyooshwe kabla ya kuhifadhiwa na kabla ya kutafutwa. Na fanksheni yoyote mpya isijaribiwe kwa Makole, ambako kila kitu hufaulu; ianzie Ng'hong'honha.

Mheshimiwa Spika, naomba kutoa hoja.