Namna ya Kuchagua Chuo Bila Kumpoteza Daktari Njiani

Barua za udahili zimetoka. Umepata vyuo vinne, vyote vya Marekani, vyote vya kuchuja watu kwa chekeche nyembamba, na lengo lako ni udaktari. Hongera sana. Sasa una mpaka tarehe 1 Mei kujibu, na ukoo mzima umeshaanza kujibu kwa niaba yako. Fuata hatua hizi.

Hatua ya 1: Mpe mjomba chai kwanza

Kila ukoo una mjomba anayevijua vyuo viwili vya Marekani, na tayari amekuchagulia kimoja. Usibishane naye. Mpe chai, kisha umweleze taratibu kwamba kule mtu haanzi na udaktari. Anasoma shahada ya kwanza miaka 4, fani yoyote, hata historia, mradi amalize masomo yanayotakiwa: biolojia, kemia, kemia ogania, bayokemia, fizikia. Kisha anaomba upya chuo cha udaktari, miaka 4 mingine. Baada ya hapo kuna mafunzo ya ubingwa hospitalini, kwa kawaida miaka 3 hadi 7. Chuo unachochagua leo ni mlango wa kwanza kati ya mitatu, na wanaolinda mlango wa pili hawatamuuliza mjomba.

Ipo njia iliyonyooka zaidi: Brown ina mpango wa miaka 8 unaounganisha shahada ya kwanza na udaktari. Kama barua yako inataja mpango huo, mwite mjomba arudi mshangilie pamoja.

Hatua ya 2: Ulizia alama kabla ya kuulizia bweni

Chuo cha udaktari kitaangalia mambo mawili kabla ya kukusoma wewe: wastani wa alama zako na mtihani wa MCAT, ambao hutolewa kwa alama 472 hadi 528 na ni uleule kwa kila mtu, awe ametoka chuo maarufu au kisichotajwa. Wastani wa masomo ya sayansi na hisabati hukokotolewa peke yake, kwa hiyo C ya kemia haiwezi kujificha nyuma ya A ya muziki.

Basi uliza ugawaji wa alama ukoje. Princeton mwaka 2004 iliweka lengo kwamba alama za A zisizidi asilimia 35 katika kila idara, na ikaliacha mwaka 2014. Miaka kumi yote hiyo kulikuwa na wanafunzi hodari waliopata B kwa sababu tu jirani yao wa dawati naye alikuwa hodari. MIT, kwa upande wake, haiweki alama za muhula wa kwanza kwenye rekodi. Mgeni anapewa nafasi ya kuzoea. Tofauti za namna hii zina uzito kuliko urefu wa mnara wa maktaba.

Hatua ya 3: Asilimia ikiwa tamu mno, ionje

Utaambiwa, "Wahitimu wetu wengi mno wanaoomba udaktari hupokelewa." Chema chajiuza, kinachojitembeza kiulize maswali. Wangapi walianza mwaka wa kwanza wakiutaka udaktari, na wangapi walifika hatua ya kuomba? Baadhi ya vyuo vina kamati inayoandika barua ya kumpendekeza mwanafunzi, na zipo kamati zinazowanyima barua wenye alama za chini. Aliyekatishwa tamaa mwaka wa pili hahesabiwi. Uliza kwa heshima, uliza mara mbili, na ukijibiwa kwa tabasamu bila namba, andika hilo pia.

Kisha itazame Xavier ya Louisiana, mjini New Orleans. Haina jina la kumtikisa mjomba, lakini kwa miaka mingi imekuwa mstari wa mbele Marekani kwa kutoa wahitimu weusi wanaoingia vyuo vya udaktari. Siri yake haijafichwa: huwashika mkono wanafunzi wa sayansi badala ya kungoja waanguke.

Hatua ya 4: Hesabu deni mbele ya mama

Linganisha kile familia itakacholipa baada ya misaada, si ada iliyoandikwa kwenye tovuti. Chuo tajiri chenye ada ya kutisha kinaweza kuwa nafuu kuliko cha jirani. Ila usikope kwa ajili ya mlango wa kwanza ukadhani wa pili ni wa bure. New York University ilifuta ada ya udaktari mwaka 2018, na chuo cha udaktari cha Albert Einstein kikafuata mwaka 2024 kwa zawadi ya dola bilioni 1 kutoka kwa Ruth Gottesman, lakini vyuo vya namna hiyo ni vya kuhesabu kwa vidole.

Hatua ya 5: Weka karatasi mezani

Suala la karatasi za uraia ndilo linaloumiza watoto wetu kuliko kemia. Vyuo vingi vya udaktari Marekani havipokei mwanafunzi wa kigeni, na mikopo ya serikali kuu haimhusu mwenye viza ya masomo. Vingine humtaka aonyeshe fedha za miaka kadhaa mapema. Kama huna uraia wala grini kadi, pima kwa uaminifu na njia ya nyumbani: katika chuo cha Muhimbili, Tanzania, unaingia udaktari moja kwa moja kutoka kidato cha sita na kusoma miaka 5, kisha mwaka wa mazoezi kazini. Aliyechagua hivyo hajashindwa chochote. Amehesabu vizuri.

Hatua ya 6: Peleka Kiswahili chako palipo na wagonjwa

Uliza hospitali iko umbali gani, na kama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaruhusiwa kufanya kazi humo. Katika miji mingi ya Marekani wako wakimbizi wa Kongo wanaoeleza maumivu yao kwa Kiswahili. Jifunze rasmi ukalimani wa hospitali, usiukurupukie, kisha kaa karibu na wakimbizi hao. Hapo utajua kama unautaka udaktari au unalitaka koti jeupe tu, na ni heri kulijua hilo ukiwa na miaka 19.

Hatua ya 7: Jibu, kisha achia

Chagua chuo chenye deni dogo, walimu watakaokujua kwa jina na njia ambayo wenzako wengi wameimaliza. Lipa amana ya kimoja tu. Vingine vitatu vikatae kwa maandishi mapema, maana kila nafasi unayoishikilia kwa fahari kuna kijana aliye kwenye orodha ya akiba anayeihitaji. Mjomba mtumie picha ya barua ya chuo ulichochagua. Atajifunza kulitamka jina lake, mpe muda.