Heko kwa Kiboko, Mwenye Usiku wa Naivasha

Wako watu duniani wanaolipa pesa nzuri ili wapakiwe botini usiku na kuzungushwa kinamasini. Mwongozaji anamulika tochi kwenye matete, macho ya mamba yanawaka, wageni wanaguta, kisha boti inafungwa kwenye gati la baa. Watu wanashuka kupiga moja baridi, wanapanda tena, wanaenda kutafuta bundi. Naivasha tungeweza kuuza safari kama hiyo kesho asubuhi. Ziwa tunalo. Mafunjo yamejaa. Boti zimepangwa ufuoni na vijana wanaozisukuma wanajua ndege kwa majina yao ya Kiswahili, ya Kiingereza na ya kitabuni. Baa ndizo usiseme: kuanzia zile za hoteli zenye nyasi za kuogopa kukanyaga, kando ya barabara ya Moi South Lake, hadi vile vyumba vya mtaa wa Karagita ambako mfanyakazi wa shamba la maua humalizia mshahara wake na uchovu wake kwa pamoja.

Hata hivyo safari hiyo haipo. Saa kumi na mbili ya jioni boti zinarudi ufuoni, majaketi ya kujiokoa yanaanikwa, na ziwa linafungwa. Wageni huuliza kwa nini, nao huambiwa ni usalama. Jibu kamili ni kwamba kuna mmoja aliyeianzisha safari hiyo kabla ya sisi wote, anaiendesha kila usiku bila likizo, na hataki mshindani.

Nimeamua kumsifu, maana naona hakuna mwingine atakayefanya hivyo. Simba ameketi kwenye nembo ya taifa tangu uhuru. Sarafu mpya za Kenya zilipotolewa Desemba 2018, twiga alipewa shilingi moja, kifaru tano, simba kumi, ndovu ishirini. Kiboko, ambaye kwa uzito anawashinda twiga na simba wakiunganishwa, hakupata hata senti. Angekuwa mwanasiasa wa Bonde la Ufa angekuwa ameitisha mkutano wa wanahabari asubuhi ile ile, akiwa amezungukwa na wazee wanaotikisa vichwa. Yeye alizama kimya, akakaa chini ya maji dakika tano zake, akaibuka kupumua.

Tuanze na umbo, maana ndilo linalochekwa. Tumbo pipa, miguu mifupi, kichwa cha kusawazisha barabara. Wanaomcheka wasisahau kwamba mwili huo, wenye kilo 1,500 na zaidi, unaweza kumpita mbio mlevi yeyote wa Kenya, na asiye mlevi pia. Ajabu nyingine ni kwamba hajui kuogelea hasa. Hutembea chini ya maji, akijisukuma kwa vidole kwenye tope, kana kwamba ziwa ni jambo dogo lililomkuta njiani. Na ngozi yake! Mtalii anashuka uwanja wa ndege na chupa tatu za krimu ya kuzuia jua. Kiboko hutoa yake mwenyewe mwilini, majimaji mekundu ambayo wahenga walidhani ni jasho la damu. Wanasayansi wa Japani waliyachunguza, wakatangaza mwaka 2004 kwamba rangi zake huzuia miale ya jua na vilevile huzuia bakteria. Vipodozi na dawa kwa pamoja, wala haviuzwi Biashara Street.

Sasa ratiba ya safari yake. Jua likishazama nyuma ya milima ya Mau hutoka majini peke yake, kwa njia aliyoichimba mwenyewe kwa miguu miaka nenda miaka rudi. Atatembea kilomita kadhaa. Atakula nyasi kilo arobaini hivi kabla ya mapambazuko. Na hapa ndipo akili yake inapoonekana, kwa sababu katika vituo vyote vya kulia alivyo navyo ufuoni, avipendavyo ni nyasi za hoteli. Zimemwagiliwa kiangazi chote, zimekatwa, hazina miiba. Hoteli na kambi kadhaa zimezungusha waya wa umeme kumzuia. Nyingine zimemkubali, zikamwandika kwenye matangazo yao.

Katika moja ya hizo zilizomkubali nilimwona akifika kituo chake cha kwanza. Alikuwa hatua thelathini hivi kutoka meza zetu, mgongo umelowa, unang'aa kwa taa za baa. Hakati nyasi kwa meno; yale meno ya kutisha ni ya kugombana tu. Anashusha mdomo mpana kama beleshi, anabana nyasi kwa midomo na kuzing'oa, na sauti yake ni ya kitambaa kizito kinachochanwa polepole. Kraa. Hatua moja. Kraa. Muziki ulikuwa umezimwa. Mhudumu alisimama na sinia yake mkononi, povu la bia likashuka mpaka likaisha. Mama mmoja aliyevaa dera la njano aliinua simu.

"Usimmulike machoni, mama," askari akamwambia kwa sauti ya chini. Yeye ndiye mwenye kazi ya kusindikiza wageni vyumbani usiku, ana tochi, rungu na koti refu la mvua. "Mwache amalize. Ataenda mwenyewe."

"Na asipoenda?"

"Basi mtakaa hapa mpaka asubuhi. Baa si iko?"

Tukakaa. Ndipo nilipoelewa mpangilio wa mambo. Tulikuwa tumedhani sisi ndio watalii. Kumbe aliyetoka kutembea usiku ni yeye, aliyepita kituo kimoja kuelekea kingine ni yeye, na sisi tulikuwa kundi la wanyama wa miguu miwili waliojibana mahali pao pa kunywea, wametoa macho, hawathubutu kukohoa. Alituangalia mara moja tu. Nadhani alishawahi kuona kundi bora zaidi.

Katika utumishi wa umma hana mpinzani. Sheria ya kudhibiti vileo ya mwaka 2010, ambayo walevi wa nchi hii mpaka leo huiita Sheria ya Mututho, ililetwa bungeni na John Mututho, aliyekuwa mbunge wa Naivasha. Iliagiza kwamba siku za kazi baa ifunguliwe saa kumi na moja jioni, ifungwe saa tano usiku. Sote tunajua kilichofuata. Milango ya mbele ilifungwa, ya nyuma ikafunguliwa, na wakaguzi wakaja na lugha ambayo wenye baa waliielewa upesi. Kiboko hana lugha hiyo. Hapokei kitu kidogo, hajui mkubwa ni nani, hapigiwi simu kutoka juu. Akisimama kati ya baa na maegesho, umefungiwa, na akisimama kati yako na chupa ya mwisho, umeacha pombe. Sheria ilitoka Naivasha, na mtekelezaji wake pekee mwaminifu anaishi Naivasha, majini.

Uhusiano wake na majirani ni mada ya kuandikiwa kitabu. Husalimiana kwa mlio unaovuka ziwa, ule wa kucheka kwa pua. Watafiti waliorekodi milio hiyo nchini Msumbiji walieleza mwaka 2022 kwamba kiboko hutambua sauti: akisikia ya kundi lake hutulia, akisikia ya mgeni hupandisha hasira, na mara nyingi hujibu kwa kunya huku akizungusha mkia, mavi yakiruka kila upande. Nimehudhuria vikao vya kamati za ardhi ambavyo vingefupishwa sana kwa utaratibu huo. Mavi hayo hayo, yakirudishwa majini, hulisha wadudu, na wadudu hulisha samaki. Kila usiku anahamisha malisho kutoka nchi kavu kwenda ziwani, bila mkataba na bila zabuni.

Sifa zake zilifika hata Marekani. Mwaka 1910 mbunge wa Louisiana, Robert Broussard, alipeleka muswada katika bunge lao akitaka viboko waagizwe kutoka Afrika, wafugwe katika vinamasi vya jimbo lake. Hoja zake zilikuwa mbili: nyama ilikuwa haba, na mito ya Louisiana ilikuwa imezibwa na gugu maji, hivyo mnyama huyu angekula gugu, kisha Wamarekani wamle yeye. Muswada ulikwama. Wangetuuliza sisi tungewaokolea muda. Gugu maji lilifika Naivasha mwishoni mwa miaka ya 1980, viboko wakalitazama, wakapita katikati yake wakaenda kula nyasi za hoteli. Hata sasa upepo ukilisukuma kwenye gati, boti hukwama na vijana hushuka kulivuta kwa mikono, na Bwana Mkubwa yuko hapo kando, masikio juu ya maji, anasimamia.

Biashara kati ya vinamasi hivi viwili haikufa, lakini ilielekea upande mmoja. Mwaka 1970 kamba wekundu wa maji baridi, wenye asili ya Louisiana, waliletwa Naivasha. Wakazaliana, wakafyeka majani ya majini, wakawa chakula cha samaki na ndege. Kwa hiyo tulichukua kamba wao, hatukutoa kiboko. Anayeona tuliwapunja aulize Colombia, ambako Pablo Escobar aliingiza viboko wanne tu katika shamba lake miaka ya 1980. Leo ni zaidi ya mia, na serikali ya huko haijui iwahasi, iwauze au iwaue.

Kuhusu ardhi, hana makuu. Miaka ya 1930 wenye mashamba Wazungu waliandikiana mkataba na serikali ya kikoloni kuhusu ukanda wa ufuo, mpaka wake ukafuata mwinuko wa mita 1,892 hivi. Kiboko hakusoma mkataba. Mpaka wake ni pale maji yalipo leo. Ziwa liliposhuka vibaya mwaka 2009 alilifuata chini, akakonda. Lilipoanza kupanda naye akapanda. Ziwa Baringo nalo lilipanda, hoteli kadhaa za Kampi ya Samaki zikazama na boti zikawa zinapita juu ya bustani ambako watu walikuwa wakinywea jioni. Na Naivasha, mwaka 2025, maji yaliingia mtaa wa Kihoto, maelfu ya watu wakahama, na boti zilizozoea kubeba watalii wenye kamera zikabeba magodoro, majiko na watoto wenye sare za shule. Wakazi wale walipata safari ya boti bila kuiomba, kupitia milango ya majirani zao, huku wakionywa wajihadhari na viboko usiku. Kusema kweli hapa kalamu ya kumsifia inakuwa nzito. Yeye hakujenga Kihoto, wala hakugawa ploti.

Na wako binadamu wanaofanya safari ya usiku kinamasini, ingawa hakuna anayewachapishia vipeperushi. Ni vijana wasio na boti wala leseni, wanaoingia ziwani kwa miguu na nyavu, maji kifuani, wakipapasa kati ya mafunjo gizani. Wanakwenda wakati huo kwa sababu mchana watakamatwa. Kila mmoja anajua njia za mafunjo hayo zilichimbwa na nani na kwamba mwenyewe hurudi alfajiri. Wengine hawajarudi. Agosti 2018 kiboko alimuua mtalii kutoka Taiwan aliyekuwa akipiga picha ufuoni, na habari zikazunguka dunia. Wavuvi wanaouawa hupata aya mbili kwenye kurasa za kaunti.

Nisingependa sifa hizi zimfikie mjane wa mvuvi huko Kamere, ufuoni mwa ziwa, zikiwa hivi zilivyo, kwa hiyo niongeze moja inayomhusu. Kiboko ni mali ya taifa, na mwenye mali ana wajibu. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inasema familia ya aliyeuawa na mnyama ilipwe shilingi milioni 5, aliyepata ulemavu wa kudumu milioni 3, na aliyejeruhiwa hadi milioni 2. Madai hayo hukaa miaka. Fomu hupelekwa, kamati hukutana au haikutani, faili hupanda Nairobi na kulala huko. Kiboko mwenyewe hana la kujibu: hana akaunti, na kazi yake ya usiku aliifanya kwa uaminifu wote.

Ukienda Naivasha basi, rudi na boti kabla ya saa kumi na mbili. Usisimame kati yake na maji, hata kama picha ni nzuri. Mpe askari wa tochi kitu cha kununulia chai, maana yeye ndiye anayetembea naye kila usiku kwa mshahara ambao usingekutoa kitandani. Na wizara yenye dhamana ya wanyamapori iwalipe watu wa Karagita, Kamere na Baringo wanaosubiri fidia, wakianza na wale ambao faili zao zimekaa muda mrefu zaidi.