Sifa za Ndege ya Dola Tatu

Wapenzi wa ndege za plastiki kule Ulaya wana ubishi mmoja usiokwisha: seti ya bei ya chini, iliyotoka kwenye kalibu ya zamani, inafaa kuunganishwa, au heri mtu aongeze pesa anunue mpya? Kwetu Bunia, mkoani Ituri, ubishi huo hauna pa kukaa. Lori linalopandisha samaki kutoka Kasenyi lilishastaafu kwa wenyewe kabla halijafika kwetu. Antonov inayotua hapa na shehena ina umri wa kumzaa rubani wake. Tangu 2006 Umoja wa Ulaya umeyafungia anga lake mashirika ya ndege ya Kongo, nasi tunaendelea kupanda, tukikumbuka sala tulizokuwa tumezisahau. Ikiwa kuna watu wenye haki ya kuisifu ndege kuukuu ya dola tatu, ni sisi. Leo naifanya kazi hiyo kwa utaratibu wanaostahili wakubwa: nasaba kwanza, tabia ifuate, matendo yahitimishe.

Nasaba yake haina doa. Ni Sunderland, ndege ya kutua majini iliyobuniwa na kampuni ya Short ya Rochester, Uingereza: injini nne, tumbo la mashua, na mabawa yanayozidi mita 34 kutoka ncha hadi ncha. Ziliundwa 749, zikawinda nyambizi za Wajerumani katika Vita vya Pili vya Dunia, na mwaka 1959 Jeshi la Anga la Uingereza likaziaga. Mwaka huohuo kampuni ya Airfix ikaitoa ya plastiki kwa kipimo cha 1:72. Ya bati ikastaafu, ya plastiki ikazaliwa, na haina dalili ya kufa. Kuchonga kalibu ya chuma ni gharama kubwa, lakini kalibu ikishalipa deni lake inaweza kutema ndege ileile miongo kwa miongo. Kinachobadilika ni sanduku. Picha inachorwa upya, stika zinaongezwa, bei inapanda, na ndani amelala babu yuleyule wa 1959. Mtu wa Bunia hahitaji kufafanuliwa biashara hiyo. Gari likipigwa rangi Kampala likavuka mpaka Mahagi, ni gari jipya.

Tumbo la mashua la ndege hii ndilo lililoleta mvutano siku nilipoinunua sokoni. Sanduku lilikuwa limelala kwenye soko kuu kati ya viatu visivyo na wenzao na wanasesere wasio na nywele, katika mzigo wa vitu vilivyowachosha watoto wa Ulaya. Panya walikuwa wamekula jina la kiwanda na nusu ya picha.

“Mama, hii ndege ni bei gani?”

“Papa, hii haiko ndeke. Iko mashua ya moteri. Angalia tumbo yake.”

“Na mabawa je?”

“Iyo ni ya kufunikia samaki, jua isiharibishe.”

Mashua ni ghali kuliko ndege, kwa kuwa wavuvi wa Tchomia wana kazi nayo. Tulivutana hadi tukaafikiana kwamba kile kitu ni nusu mashua, nusu ndege, na nusu ya kila bei ikatupa dola tatu.

Sasa tabia. Ya kwanza ni uwazi. Ndege za siku hizi huficha mishono yake. Mistari yake ni myembamba hadi uitafute kwa miwani. Babu huyu hafichi kitu. Viwanda vya zama zake viliona fahari kumwonyesha mnunuzi kila ribiti, vikazipanda juu ya mabawa safu kwa safu. Ribiti ya nusu milimita, ukiizidisha mara 72, inafikia milimita 36, yaani inakizidi kizibo cha chupa ya Primus. Ndege ya kweli yenye ribiti za ukubwa huo ingepata taabu kuruka, lakini ingefaa sana kukwaruzia muhogo.

Ya pili ni ukarimu. Seti ya bei kubwa inakuja ikiwa imeshamaliza kazi yote. Wewe unabaki kupaka gundi na kupokea pongezi zisizo zako. Hii imekuachia kila kitu. Pande mbili za kiwiliwili hazikutani mpaka zilazimishwe, na bawa likiingia mahali pake linaacha ufa wa kupitisha ukucha. Ufa unajazwa mastiki ya wapaka rangi magari, unaachwa ukauke, unapigwa msasa, unatazamwa kwa mwanga, unajazwa tena. Msasa ukishautuliza ufa, unazila ribiti za jirani, na hapo ndipo unapoamua lipi baya zaidi, ufa au upara. Chumba cha marubani nacho hakina mapambo ya kusumbua macho: viti viwili, watu wawili wasio na nyuso, basi. Umeme ukikatika jioni na ukaitazama ndege kwa taa ndogo ya sola, ni nzuri mno, na umeme wetu haukosi kuisaidia.

Ya tatu ni elimu ya subira. Stika zimegeuka rangi ya chai. Dawa yake wajenzi wanaijua: zibandike kwenye kioo cha dirisha, jua lizifue, na jua tunalo. Zikishapauka, zipake vanishi kwanza ndipo uzitie majini. La sivyo zitagawanyika vipande vipande, na kila kipande kitadai kuwa ndicho Jeshi la Anga halisi. Mtu wa Ituri hashangai kuona mgawanyiko wa namna hiyo. Anachoshangaa ni kwamba vanishi inatosha kuuzuia.

Ya nne ndiyo mama wa zote: haiogopwi. Ninaye jamaa aliyeletewa na nduguye kutoka Bruxelles seti ya dola mia moja. Hajaikata mpaka leo. Kila akishika wembe mkono unamtetemeka, anafunga sanduku, anairudisha kabatini. Ndege yake haina kasoro hata moja kwa kuwa bado haipo. Ya dola tatu haifunguliwi kwa heshima. Unakata, unapindisha, unajaza, unapaka, unakwangua, unapaka tena, na hakuna ndugu Bruxelles atakayepiga simu kuuliza imefikia wapi. Mkono unapata uhuru wa kujifunza kwenye kitu ambacho hakuna atakayekililia. Wazazi wanaolipa karo wanajua bei ya uhuru huo.

Wapinzani watatamka “rahisi ghali” wakidhani wamemaliza. Ni kweli kwamba kitu cha bei rahisi hakisafiri peke yake, kinakuja na ukoo. Gundi, msasa, mastiki, wembe, rangi za kopo zinazoletwa kutoka Kampala: vyote kwa pamoja vimezila dola tatu mara kadhaa. Lakini hilo ni kosa la rangi, si la ndege. Ndege imebaki kuwa ya dola tatu na haijadai nyongeza.

Hata hivyo msifu naye ana macho. Kuna kuukuu ya kujengwa na kuukuu ya kuwaachia panya wamalizie, na kuzitofautisha si kazi ngumu. Pinda kidogo kijiti cha fremu inayoshika vipande: kikikatika kwa mlio kabla hakijapinda, plastiki imezeeka vibaya. Kisha kagua vioo, kwani bawa lililopinda hunyooshwa kwa maji ya moto, ila kioo kilichopasuka hakina daktari. Chukua rula: mabawa ya Sunderland kwa kipimo hiki lazima yakaribie sentimita 48. Umbo likiwa sawa, mengine yote ni msasa. Umbo likiwa baya, hakuna msasa wa kukuokoa. Halafu jiulize kama ipo mpya iliyo bora. Kwa Sunderland ipo, Italeri ya Italia ilitoa yake baadaye na watu wanaisifu. Haipo Bunia. Ubora usiofika sokoni ni uvumi.

Mwisho hesabu vipande. Yangu ilikosa bawa la mkia la kulia, lililobaki, nadhani, chini ya kochi fulani kule ilikotoka. Hapo nikapata mafundi ambao hakuna kiwanda kinachowauza. Watoto wa mtaa wetu hujiundia ndege za waya na makopo, zenye magurudumu ya vizibo, zinazovutwa kwa kamba vumbini. Walikuja kuikagua yangu na hawakupendezwa. Kwa nini haina magurudumu? Kwa nini haivutwi? Kwa nini tajiri ananunua ndege iliyovunjika? Mmoja wao aliondoka bila kuaga, akarudi na kopo la sardini. Alilibana bati chini ya kisigino likanyooka, akaliweka juu yake bawa la kushoto, akachora ukingo kwa msumari, akageuza upande, akakata kwa mkasi uliopoteza skrubu, akakunja kingo ili zisikate vidole. Halafu akapima kwa jicho moja, akakwangua kidogo jiweni, akapima tena. Lilikaa vizuri kuliko lile la kiwandani. Aliniuliza kama aongeze ribiti. Nilimwambia zinatosha.

Na sasa matendo. Ukoo huu una historia katika nchi yetu, tena si mbali: Faradje, Haut-Uele, ambako hadi 2015 palikuwa pamoja na Ituri ndani ya mkoa mmoja wa Orientale. Kampuni hiyohiyo ya Short iliunda ndege za abiria za aina ya Empire, ndugu wa Sunderland kwa kiwanda na kwa tumbo la mashua, 42 tu zote. Tarehe 14 Machi 1939 mojawapo, Corsair ya shirika la Imperial Airways, ilikuwa ikitoka upande wa Ziwa Victoria kwenda Juba. Chombo cha kuonyesha njia kikawapoteza, mafuta yakakaribia kwisha, na rubani Edward Alcock, ndugu wa John Alcock aliyevuka Atlantiki bila kutua mwaka 1919, akaiteremsha kwenye mto Dungu, mwembamba na wenye miamba. Watu wote walipona. Tumbo la ndege halikupona.

Basi swali letu likafika Faradje likiwa na ukubwa wake halisi, mara 72 ya langu: hii inafaa kujengwa? Mafundi wakaja kutoka Uingereza, wakaiziba. Julai wakajaribu kuirusha. Mwamba mwingine ukaitoboa tena. Wakaanza upya. Septemba vita vikalipuka Ulaya, nao wako kando ya mto Dungu wanaziba matundu. Mwisho wakajenga bwawa ili maji yapande, ndege ipate kina cha kukimbilia, na tarehe 6 Januari 1940 rubani Kelly-Rogers akaipaisha. Karibu miezi kumi, mafundi waliovuka bahari, vibarua wa vijiji na bwawa zima, kwa ndege moja iliyotoboka mara mbili. Mwaka 1947 ikavunjwavunjwa.

Mhasibu yeyote angeandika kwamba haikufaa. Lakini mhasibu anapima kilichomo sandukuni siku ya kununua, na siku hiyo hakuna ndege yoyote ndani ya sanduku lolote, la dola tatu wala la dola mia. Mna plastiki tu. Thamani inaingizwa na mikono, jioni kwa jioni, na kitu kibovu kinapokea zaidi kwa kuwa kina nafasi zaidi ya kupokea. Corsair ilikuwa na tundu kubwa, ikapokea bwawa. Sunderland yangu ilikosa bawa la mkia, ikampokea mtoto mwenye kopo la sardini. Ile ya kabatini haikosi chochote, na haijapokea mtu.

Kwa hiyo anayetaka ndege isiyo na aibu aongeze pesa, na Mungu amjalie usafiri wa mizigo. Anayetaka kazi ya mikono, majirani wa kubishana nao na kisingizio cha kutotazama simu usiku, na aende soko kuu. Akiliona sanduku lililoliwa na panya asiulize kama linafaa. Ahesabu vipande, akubali kwamba ni mashua, kisha aombe apunguziwe.