Shangazi Stelingi: Kikosi Changu cha X-Men Kimevunja Ukoo

Zamani nilikuwa naletewa kesi za mawifi, vikoba na wapangaji wasiolipa. Tangu Machi 2019, Disney walipokamilisha kuinunua 21st Century Fox kwa dola bilioni 71.3 na X-Men wakarudi kwa Marvel, kesi zimebadilika. Kila mtu kapanga waigizaji wake wa X-Men mpya, na kila mtu kagombana na mwenzake. Marvel wana mtu wa kazi hiyo, mama anayeitwa Sarah Finn, aliyepanga waigizaji wa filamu zao nyingi tangu Iron Man ya 2008. Yeye hulipwa. Ninyi mnaifanya bure na mnanuniana. Haya, tufungue barua.

Shangazi, shikamoo. Kwenye grupu la ukoo nilisema Storm mpya awe Lupita Nyong'o, damu yetu. Binamu yangu wa Mombasa akajibu kwamba Lupita tayari ni Nakia wa Wakanda, hawezi kuwa watu wawili. Wajomba wakaingia kati, wakazidisha. Sasa michango ya harusi ya dada imesimama, kwa sababu mweka hazina ndiye huyo huyo binamu. Nifanyeje?
— Damu Nzito, Kisumu

Marahaba, mwanangu. Kwanza tuma mchango wako leo, na risiti uiweke kwenye grupu. Mvua ya Storm haitapika pilau ya harusi.

Sasa kesi yenyewe. Madai yako yana mizizi. Storm, jina lake Ororo Munroe, alitokea mara ya kwanza mwaka 1975 katika Giant-Size X-Men namba 1, kazi ya Len Wein na Dave Cockrum. Profesa Xavier, mwanzilishi wa X-Men, alimkuta Kenya, watu wakimwomba mvua kama mungu wao. Mama yake, N'Daré, ni binti wa kifalme wa Kenya. Baba yake ni Mmarekani, mpiga picha za habari. Hata hivyo kwenye sinema nafasi hiyo wameipata Wamarekani wawili, Halle Berry mwaka 2000 na Alexandra Shipp mwaka 2016. Katika filamu ya kwanza Halle Berry alijaribu lafudhi ya Kiafrika ambayo hakuna kaunti iliyojitokeza kuidai, na baadaye akaiacha kimyakimya.

Binamu yako naye hajakosea. Vitabuni Storm aliolewa na T'Challa, mfalme wa Wakanda, mwaka 2006. Katika Wakanda Forever ya 2022, Nakia wa Lupita ndiye aliyezaa na T'Challa. Unataka mzazi mwenzie avuliwe vazi lake, avishwe la mke wa ndoa, halafu sisi tujifanye hatukuona? Wakuu wa ukoo lazima waulizwe. Lakini kizuizi cha sheria hakuna. Gemma Chan alikuwa adui mwenye ngozi ya buluu katika Captain Marvel ya 2019, na mwaka 2021 akarudi akiwa Sersi katika Eternals, na hakuna aliyepelekwa mahakamani.

Linalonikera ni kwamba wote wawili mnabishania sura, wakati shida ya Storm haijawahi kuwa sura. Halle Berry alishinda Oscar mwaka 2002. Ukiwa na mwigizaji wa kiwango hicho, halafu kazi kubwa unayompa ni kugeuza macho meupe na kuita upepo, kosa si lake. Storm wa vitabuni ni mtoto wa mitaa ya Cairo aliyelelewa katika wizi wa mifukoni. Anaogopa mahali pa kubana, kwa kuwa alifukiwa na kifusi pamoja na maiti ya mama yake. Mwaka 1986, akiwa hana hata chembe ya nguvu zake, alipambana na Cyclops na kumnyang'anya uongozi wa timu. Andika hivi kwenye grupu: "Tunamtaka Storm atakayemwondoa Cyclops kwenye kiti." Wajomba wakishakubaliana hapo, jina la mwigizaji litakuwa jambo dogo. Na mwombe radhi mweka hazina kabla hajafunga daftari.

Shangazi, mimi ni fundi cherehani. Wolverine wa vitabuni ana futi 5 na inchi 3. Hugh Jackman ana futi 6 na inchi 2. Miaka yote hii mmevalishwa suruali ya mtu mwingine mkakaa kimya. Safari hii natafuta mfupi halisi, na mke wangu anasema nimechanganyikiwa.
— Futikamba, Mwanza

Fundi, hesabu yako ni sahihi na mkeo hajakosea. Mambo hayo mawili hutokea nyumba moja.

Jackman hata hakuwa chaguo la kwanza. Nafasi ilikuwa ya Dougray Scott, akakwama kwenye Mission: Impossible 2, na Jackman akaingia wakati upigaji picha umeshaanza. Mwaka 1998 alikuwa jukwaani London akiimba katika Oklahoma!, mchezo wa wachunga ng'ombe na mahaba. Mniletee shabiki mmoja aliyekuwa amemwandika kwenye orodha yake, nimnunulie soda. Mrefu mno, mwimbaji, hajulikani Hollywood, na bado akaivaa nafasi hiyo kuanzia 2000 hadi Logan ya 2017, kisha akafufuka mwaka 2024.

Kwa nini ilimkaa? Kumbuka ile filamu ya 2000, ndani ya Sanamu ya Uhuru. Mystique, anayeweza kujigeuza mtu yeyote, ameshajigeuza Wolverine na kuwachanganya. Wolverine wa kweli anapotokea, Cyclops hamwamini, anamtaka athibitishe kwamba ni yeye. Jamaa hatoi kitambulisho wala hataji siri ya utotoni. Anamporomoshea tusi moja fupi. Cyclops anaridhika papo hapo: ni yeye. Kile walichokuwa nacho wale wawili ni chuki iliyokomaa hadi ikawa muhuri.

Kwa hiyo futikamba usiitupe, ila pima kitu kingine. Ufupi wa Wolverine una maana akisimama karibu na Cyclops, mrefu, mnyoofu, mtoto wa mwalimu mkuu kwa tabia. Akisimama peke yake kwenye bango, inchi hizo tisa na nyingine mbili ni hasara ya kitambaa tu. Tafuta wawili ambao ukiwaweka chumba kimoja, hata wakiwa kimya, mtu wa tatu ataanza kutafuta mlango. Ukiwapata na mmoja akawa mfupi, nitakuja Mwanza kukuomba radhi na kushona gauni.

Habari Shangazi. Nina kibanda umiza. X-Men yangu ina Denzel Washington, Idris Elba, The Rock, Jason Statham, Charlize Theron, Will Smith, na wengine wa uzito huo. Jumla stelingi kumi. Nikaibandika mlangoni kama mzaha, wateja wakanizomea. Nilidhani watu wanapenda majina.
— Mwenye Kibanda, Mbagala

Salama, ndugu yangu. Wateja wako wanastahili punguzo la kiingilio, maana wameliona jambo ambalo studio kubwa hulilipia mamilioni kulijifunza. Umepanga washambuliaji kumi na hakuna hata mmoja aliye tayari kurudi nyuma kukaba.

Marvel wenyewe waliwahi kutuletea mashujaa kumi wapya kwa mpigo katika Eternals ya 2021. Filamu ina dakika 156. Gawanya kwa kumi, kila mmoja anapata dakika kumi na tano na ushee, kabla hujatoa za adui, za milipuko na za majina ya mwishoni. Mtu hawezi kupendwa kwa dakika kumi na tano labda awe mtoto mchanga. Linganisha na The Avengers ya 2012: dakika 143, mashujaa sita, na wanne kati yao tulishawajua katika filamu zao wenyewe. Hawakuhitaji kujitambulisha, ndiyo maana walipata muda wa kutosha kuchokozana.

Wewe unaijua vizuri sheria ya kibandani: stelingi hafi. Sasa kwenye kikosi chako nani atapigwa? Nani atacheka mzaha wa mwenzake? Nani atasikiliza Profesa Xavier akieleza mpango? The Rock asikilize mpango, kisha Statham naye asikilize, halafu Denzel aulize swali? Filamu itakwisha wakiwa bado wanakunja mikono.

Angalia mwisho wa ile ya 2000. Magneto amefungwa katika gereza la plastiki tupu, kwa kuwa chuma chochote humtii. Hata kete za chesi mbele yake si za chuma. Anayecheza naye ni Xavier. Ian McKellen na Patrick Stewart, wazee wawili waliopikwa katika jukwaa la Royal Shakespeare Company, hakuna ngumi wala kombora. Mmoja anaahidi kwamba gereza halitamshika milele, mwingine anaahidi kuwa atamkuta anamsubiri. Hao ni marafiki wa zamani na maadui wa sasa, na ukiwaona unaamini yote mawili. Kibanda chako kikinyamaza hapo bila mtu kutoka kununua kashata, jua umepangiwa kikosi na mtu anayejua kazi.

Bakiza majina mawili kati ya yale kumi. Mengine tafuta watu ambao wateja wako hawajawahi kuwasikia. Denzel mwenyewe siku moja hakuwa amesikika.

Shangazi wangu, moyo bado unauma. Mwaka 2011 tulikuwa na mtu wetu, Edi Gathegi, mzaliwa wa hapa hapa Nairobi, ndani ya X-Men: First Class. Aliitwa Darwin, na uwezo wake ni mwili kujibadilisha ili asidhurike. Yaani kipaji chake ni kutokufa. Akafa! Tena mapema, bisi zikiwa bado moto! Sasa napanga kikosi kipya na naogopa kumweka Mkenya yeyote.
— Mfiwa, Nairobi

Pole sana, mwanangu, na rambirambi zako nimezipokea pamoja na za wengine wengi. Kumuua kijana ambaye kazi yake ni kutokufa, na kuwaacha wengine ambao hata kuogelea hawajui, ni uamuzi ambao mashabiki hawajausamehe mpaka leo.

Lakini msiba una mwisho. Mwaka 2025 Gathegi alirudi kwa mlango wa jirani, upande wa DC, akiwa Mister Terrific katika Superman ya James Gunn. Utamwona akimfungia Lois Lane ndani ya kinga, kisha akiwatawanya askari kwa yale matufe yake yanayoruka, uso wake ukiwa wa mtu anayesubiri foleni ya benki isogee. Humo hana nafasi ya kufa ili wengine wakasirike. Ana kiburi, ana watu wa kumkera, na ana kazi ambayo hakuna mwingine kikosini anayeweza kuifanya.

Hilo ndilo la kujifunza kabla hujamwandika Mkenya, Mtanzania au Mganda kwenye orodha yako. Kuwemo si shida tena. Uliza anakufa ukurasa wa ngapi, na kabla ya hapo anabishana na nani. Mhusika asiye na wa kubishana naye ndiye huuawa kwanza, kwa sababu mwandishi haoni atakayemkosa.

Shangazi, shikamoo. Machi 2025, tena katika Ramadhani, mume wangu alikaa mbele ya simu akitazama viti. Viti, Shangazi! Vya kukunja, vyenye majina mgongoni. Kila baada ya muda kinaongezwa kimoja. Futari ikapoa, tarawehe ikampita. Nimuache?
— Mke wa Viti, Tanga

Marahaba, binti yangu. Usimuache. Alikuwa anaangalia Marvel wakitangaza waigizaji 27 wa Avengers: Doomsday, kiti kwa kiti, kwa zaidi ya saa tano. Katika hao walikuwemo wazee wa X-Men, Stewart na McKellen, na kiti cha mwisho kilikuwa cha Robert Downey Jr. Mumeo alikuwa anasubiri jina kutoka kwenye daftari lake. Safari nyingine mpe sahani aile hapo hapo mbele ya viti. Tarawehe, hilo ni baina yake na Mola wake. Mimi nashughulikia sinema tu.

MAJIBU YA MKATO

*Kwa Ndoto Imetimia, Morogoro:* Nakuelewa. Miaka mingi mashabiki walimtaka John Krasinski awe Reed Richards wa Fantastic Four. Mwaka 2022 wakapewa, katika filamu ya pili ya Doctor Strange. Baada ya dakika chache yule mchawi Wanda akamchana nyuzi nyuzi kama mkeka, na mwaka 2025 kiti akakikalia Pedro Pascal. Ukiomba, omba na urefu wa mkataba.

*Kwa Naanzisha Kampeni, Kampala:* Anzisha. Mwaka 2010 watu walimpigania Donald Glover awe Spider-Man, nafasi akapewa Andrew Garfield. Lakini vuguvugu lile lilichangia kuzaliwa kwa Miles Morales vitabuni mwaka 2011, na mwaka 2017 Glover akaingia kwenye Spider-Man: Homecoming, akiwa ami yake Miles. Kampeni hulipa, ila huchelewa mpaka kijana anageuka ami.

*Kwa Nitaandika Barua ya Kupinga, Dodoma:* Warner Bros. walipokea barua zipatazo 50,000 za kumpinga Michael Keaton asiwe Batman. Filamu ikatoka 1989, na waliozituma wakapanga foleni na wenzao. Stempu ni ghali, subiri kwanza.

*Kwa Wewe Shangazi Umempanga Nani, Zanzibar:* Nimempanga mtangazaji tu. Marvel wanaweza kumchagua wamtakaye, lakini filamu ikifika kibandani na jamaa akashika kipaza sauti kututafsiria, Wolverine atakuwa Babu Kucha, Magneto atakuwa Fundi Vyuma, na wote watakuwa wanadaiana kodi ya nyumba. Ugomvi ukinoga, hakuna atakayeuliza Hollywood walimlipa nani.